Mwonjaji Kahawa Alipokuwa Meya

Kabla hajawa meya, nilikuwa namwoshea vikombe.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya kawaida, yale ambayo nyumbani hawakuyachinjia kuku wala hawakuyalilia. Mjomba akanipatia kazi kwenye kampuni moja ya kahawa mjini Moshi, katika chumba cha kuonjea. Kazi yenyewe ilikuwa kuchemsha maji, kupanga vikombe mezani, kuviosha, na kumwaga ndoo ya kutemea. Kila asubuhi nilishuka kutoka Kibosho na viatu jozi mbili, vya matope miguuni na vya mjini ndani ya mfuko, na njia nzima nilikuwa naota. Naota nimekuwa mwonjaji mimi mwenyewe, nimevaa koti jeupe, wanunuzi kutoka nchi za mbali wamesimama wananisubiri niseme neno moja tu kuhusu kahawa yao. Kuota hakutozwi kodi, na katika hilo mimi ni tajiri mpaka leo.

Bosi wetu alikuwa mtu wa Masama, mwembamba, mpole, mwenye pua ambayo sijawahi kuona ya pili yake. Siku ya kazi hakugusa kitunguu wala pilipili. Sisi wengine tulikatazwa mafuta yenye harufu. Siku moja dada wa uhasibu aliingia amejipulizia manukato, bosi akamwambia kwa adabu zote, "Mama, tafadhali tuongee kupitia dirisha." Na kweli wakaongea kupitia dirisha, mambo ya mishahara yote, mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza.

Kazi ya kuonja inakwenda hivi. Magunia yakifika ghalani, mtu anayachoma kwa bambo, kile chuma chenye uwazi ndani, anatoa punje za kujaa kiganja. Punje zile zinakaangwa, zinasagwa, zinamwagiwa maji ya moto, halafu bosi anapita na kijiko. Anavuta kwa kelele, anasikilizia mdomoni, anatema, anasema. Kiganja kile kinasemea gunia zima, na gunia linasemea mwaka mzima wa mkulima. Na kwenye vikombe hakuna jina la mtu. Namba tu. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Msichana aliyekuwepo kabla yangu alihamishiwa ghalani kwa sababu aliropoka, "Hii lazima ni ya kwetu Kilema." Bosi aliamuru meza nzima imwagwe, wakaanza upya.

"Ukishajua kikombe ni cha nani," aliniambia, "ulimi unaanza kusema uongo kabla hujaonja."

Aliwahi kuikataa kahawa ya kaka yake wa tumbo moja bila kujua. Kaka akasusa Krismasi. Bosi alipenda kusimulia hayo, anacheka, halafu anarudi kwenye vikombe vyake. Mimi nilimpenda kwa hilo. Nimetoka kwenye familia ambayo kila tulichokosa tuliambiwa tumekikosa kwa sababu hatujui mtu. Sasa hapa kuna mtu ambaye kazi yake ni kutomjua mtu.

Alipokaribia kustaafu akagombea udiwani kwenye kata anayoishi, akapata, na madiwani wenzake wakamchagua kuwa meya. Siku ile ofisini tuliimba. Mimi nilisahau maji jikoni mpaka birika likakauka.

Naambiwa meya si mkurugenzi, hawezi kuamka asubuhi akaamuru mambo peke yake. Sawa. Lakini mtu akikaa kwenye kile kiti, kazi yake ya zamani inakaa naye. Hili sikulisoma popote, nimeliona kwa kuishi. Mama alikuwa na kumbukumbu ya meya mmoja wa zamani aliyekuwa mwalimu mkuu. Anasema alikuwa akifika sokoni, wauza nyanya wanapanga mafungu mstari mmoja kama wanafunzi kwenye paredi, na hotuba yake ilimalizika kwa maswali, na ole wako ushindwe kujibu. Akaja mwingine, mwenye malori. Huyo kila tatizo alilitatua kwa kifusi. Maji yametuama? Kifusi. Vijana hawana kazi? Wakashushe kifusi. Kuna mtaa mpaka leo ukipita unapanda kilima kidogo ambacho Mungu hakukiumba.

"Na huyu wako?" mama aliniuliza. "Atatuonja halafu atuteme?"

"Mama, huyu ni mtu wa haki."

"Sijasema si wa haki. Nimeuliza kama anatema."

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Siku moja alikuwa anatembea nyuma ya maduka na maofisa wake, akasimama ghafla, akanyanyua pua, akasema hapa chini kuna bomba la choo limepasuka. Wakacheka. Wakachimba. Wakaacha kucheka. Habari ilipanda mlimani kabla mimi sijafika nyumbani, na nilipofika nilipokewa kama vile pua ile ni ya ukoo wetu.

Sasa niseme habari za mama, maana hizi zote nazisema kwa ajili yake.

Mama aliuza ndizi mlangoni mwa soko. Soko lenyewe lilikuwa la mbao na mabati, mvua ikinyesha huwezi kumsikia mteja. Nafasi ile ya mlangoni aliachiwa na bibi mzaa baba, ambaye alikaa pale mpaka mgongo ukamkatalia. Na mama hakuwa mtu wa ndizi zote. Alikuwa mtu wa mshare, zile za kupikia mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama.

Kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani kipindi kirefu anatunzwa, na chakula chake kikubwa ni mtori. Anayetumwa sokoni kutafuta ndizi hizo mara nyingi ni baba mtoto, kijana ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika chane ya ndizi kwa nia ya kununua. Ukimwona tu unamjua. Hajalala, vifungo vya shati vimepishana, anasimama mlangoni analitazama soko kama mtu aliyeitwa polisi. Na mtu wa kwanza machoni pake ni mama.

"Shikamoo mama. Naomba ndizi."

"Marahaba baba. Za nini?"

"Za... za kula."

"Nani anakula?"

"Mke wangu."

"Amejifungua?"

"Ndiyo." Hapo kijana anashindwa kuficha meno.

"Hongera! Wa kike, wa kiume? Ana siku ngapi? Maziwa yameshuka? Anatunzwa na nani, mama yake au mama yako? Kama ni mama yako usimnunulie hizo, atakurudisha nazo, nawajua wakwe."

Anazibonyeza kwa kidole gumba, ananusa kikonyo, anachagua. Mzazi aliyejifungua juzi anapewa hizi, mzazi wa mwezi anapewa zile. Anamfundisha kijana kumenya ndizi ndani ya maji ili utomvu usimharibie nguo. Baadaye mzazi mwenyewe anatoka, anakuja na mtoto mgongoni kumwonyesha mama, na mama anamshika mtoto miguu anamwambia, "Wewe nimekulisha." Watoto wengi wa mji ule mama aliwafahamu kabla hawajabatizwa.

Tena mama ana nyonga. Aliteleza kwenye mfereji wa shambani akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, ikateguka, ikarudishwa vibaya. Njia zetu za mteremko amezizoea, anajua pa kushika na pa kukanyaga. Ngazi za zege ndizo hazimpendi. Anapanda kwa upande, mguu mmoja ukiusubiri mwingine.

Basi soko likavunjwa, likajengwa jipya, la ghorofa. Swali likawa moja tu: nani atapata kizimba chini, nani atapanda juu. Zamani jibu lingejulikana. Mwenye binamu halmashauri anakaa chini. Watu wakaanza kutafuta mabinamu, wengine wakagundua ndugu ambao hata msibani hawajawahi kukutana.

Meya akaja, akapanda juu ya kreti la soda.

"Vizimba vitagawiwa kwa namba," akasema. "Sitaki kujua jina la mtu. Sitaki kujua kabila, kanisa wala chama. Mtachota wenyewe. Na ukishachota umechota, hakuna kubadilishana, kwa sababu kubadilishana ndiko kunakozaa kuuziana."

Vigelegele vilivyopigwa! Wanawake waliokuwa wakifukuzwa na mgambo kila siku walifungua kanga wakazipeperusha. Mama alipiga makofi mpaka akakaa chini.

"Ni wako kweli," akaniambia. "Lile neno la kutema nimelifuta."

Nami nilivimba kichwa. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba yule nilikuwa namwoshea vikombe. Usiku ule niliacha hata kuota uonjaji, nikaota umeya. Nilikuwa nimeshachagua na gari.

Siku ya kuchota waliweka vizibo vya soda ndani ya debe, kila kizibo na namba yake ndani. Kuna waliokuja na rozari, kuna waliokuja wamefunga, mmoja alisema amenawa mkono wa kulia kwa maziwa. Mbele ya mama alikuwa mjane mmoja kijana, muuza karoti, ambaye miaka yote aliuzia juani kando ya mtaro, mtoto mgongoni, mgambo wakija anakimbia na beseni. Akatia mkono, akatoa, akasomewa. Mlangoni. Palepale pa mama. Alipiga magoti akalia, na aliyemwinua alikuwa mama.

Halafu mama akachota. Juu, upande wa nyuma, karibu na tangi la maji.

Watu wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Na nyonga ile?" Mama akamkata, "Nyonga haikuchota, nimechota mimi." Akacheka. Nikacheka naye, na nilikuwa naona aibu kwa sababu nilitaka kumkasirikia mtu na sikumpata. Ningemkasirikia nani, mjane?

Ndipo tukajifunza ghorofa ni nini. Mikungu ikifika inahitaji mbebaji wa kuipandisha. Mama naye anahitaji muda wa kujipandisha. Na mwanaume aliyetumwa ndizi hapandi ngazi kutafuta ndizi. Anachukua ya kwanza anayoiona, iwe mzuzu, iwe kisukari, anaondoka mbio kabla hajabadili mawazo, na nyumbani anakutana na mama mkwe. Mjane alijitahidi. Kila akimwona kijana mwenye vifungo vilivyopishana alimwelekeza, "Kaka, panda juu, nyuma kule karibu na tangi, kuna mama anajua." Kijana anasema ahsante dada, anageuka pembeni ananunua kwa mwingine.

Mshare hazisubiri. Zikianza tu kuwa njano mtori umeharibika. Jioni tulizirudisha nyumbani, tukawapa ng'ombe. Mwaka ule ng'ombe wetu walinenepa hadi jirani akauliza tunawapa dawa gani.

Kilichoniuma si biashara peke yake. Mama aliacha kusimulia. Zamani akirudi tulikula tukisikiliza habari za wazazi wa mji mzima, nani kapata pacha, nani mkwe wake hamwachi apumue. Sasa tulikula tukisikia vijiko.

Siku moja nilitumia muda wangu wa chakula kwenda kumwona kule juu. Nikamkuta mjane amepanda, mtoto mkononi, anamsihi.

"Mama, njoo tubadilishane. Mtu anayetaka karoti atanifuata hata huku. Na mimi miguu ninayo."

"Mwanangu, pale ni pako. Umepachota mbele ya watu."

"Nimechota mlango, sijachota mtori. Vijana wananiuliza maswali ya wazazi, mimi najua nini? Juzi mmoja kaniuliza mtoto akikwama kunyonya afanyeje. Nikamwambia ale karoti."

Mama alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Halafu akasema, "Na sheria ya meya?"

Mjane akanigeukia. Muuza vitunguu wa jirani akanigeukia. Wauza dagaa wakanigeukia.

"Binti yako si anamjua?" mjane akamwuliza mama.

Hao hao waliopeperusha kanga. Nami ndiye niliyemsifu kuliko wote. Lakini mama alikuwa anaipapasa nyonga yake bila mwenyewe kujua, na mimi nikasema nitaenda.

Nilikwenda siku ya kusikiliza wananchi. Nilipanga foleni kama wengine. Aliponiona akafurahi kabisa.

"Binti wa vikombe! Maji yanachemka?"

"Yanachemka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Haya."

"Mzee, ni habari ya soko. Kuna wawili wanataka kubadilishana vizimba, wote wamekubali, hakuna hela iliyopita. Mmoja wao ni..."

Akanyanyua mkono. "Usiniambie."

"Ni jambo dogo, mzee."

"Najua ni dogo. Madogo ndiyo yananiogopesha. Ni ndugu yako?"

Nikafungua mdomo.

"Usijibu. Unaona? Umeingia tu, tayari nimeanza kupendelea." Alisema kwa huzuni, si kwa ukali. "Binti, nikikufungulia wewe mlango huu, nje pale watajipanga soko zima, na kila mmoja ana mguu unaouma."

Aliutaja mguu kwa bahati tu. Nilijisikia kama nimemwagiwa maji.

"Na kama kweli unauma, mzee?"

"Wewe ulikuwa unaandika nini kwenye vikombe?"

"Namba."

"Kwa nini?"

"Ili usijue ni cha nani."

"Nilikuwa nafanya vibaya?"

"Hapana, mzee."

"Basi," akasema. Akaniuliza kama nimekula.

Nikatoka. Jibu lilinijia nikiwa nimeshavuka barabara, ndiyo kawaida yangu. Kahawa ukiiweka mwanzo wa meza au mwisho wa meza, ladha ni ileile. Kahawa haipandi ngazi. Haina mteja aliyezoea kuikuta mahali fulani. Kwa kahawa, kutojua ni haki yote. Kwa mtu, kuna sehemu ya haki ambayo haianzi mpaka uulize. Nilisimama pale nikifikiria kurudi nimwambie, lakini foleni ilikuwa ndefu, na nilimjua. Angesikiliza vizuri sana, halafu asibadilike. Mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote, tena akaifanya kwa uaminifu kiasi kile, utamwambia nini? Wenye tamaa ni rahisi kuwachukia. Huyu hakuwa na tamaa hata ya ndizi moja.

Nyumbani mama alikuwa anamenya.

"Amesemaje?"

"Hakutaka kusikia."

"Hakutaka, au hakusikia?"

"Hakutaka, mama. Alinizuia nisiseme ni wewe."

Alimenya ndizi nyingine mpaka mwisho. "Basi ni mtu wa haki, kama ulivyosema," akasema. Nilimtazama nione kama ananisanifu. Hakuwa ananisanifu.

Wanawake wa juu wao walilichukua kwa utani, maana ungefanyaje. Siku moja walikaa wanachagua meya wa kesho.

"Safari ijayo tumtafute mkunga," alisema muuza dagaa.

"Mkunga wa nini?"

"Mkunga anakuuliza kwanza unaumwa wapi."

"Halafu anakwambia sukuma! Kila tukilalamika, sukuma!"

"Afadhali. Si tunasukuma hata sasa?"

"Mimi nataka fundi cherehani. Huyo lazima akupime."

"Akupime wewe? Futi itaishia njiani!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga dagaa. Mama alicheka pia, lakini alikuwa ameegemea ukuta, na nilijua anahesabu ngazi za kushuka.

Masika yalipokuja, ngazi zikalowa. Mama hakuanguka. Aliteleza, akaudaka ukingo wa chuma, akakaa katikati ya ngazi, na watu wakapita huku na huku wakimwambia pole mama, pole mama, kila mmoja na mzigo wake. Alikaa pale mpaka mjane alipoacha karoti zake akaja kumshika mkono. Jioni akanipa ufunguo wa kizimba.

"Warudishie. Wampe mwenye miguu."

Nilibishana naye. Nilimwambia nitapata mshahara mzuri nimwekee mbebaji, nitakuwa mwonjaji, nitakuwa hata meya. Alinisikiliza ndoto zote, hajawahi kunikatisha nikiota. Halafu akaufunga mkono wangu juu ya ufunguo. Kesho yake niliupeleka ofisi ya soko, na karani wa pale akafurahi, maana kulikuwa na watu wengi wanaosubiri.

Msimu wa kahawa ulipoanza, meya alikuja asubuhi moja kwenye chumba chetu. Mwonjaji mpya alikuwa na mashaka na meza fulani, akamwomba mzee aje asaidie. Alionja kama zamani. Watu walipotoka akabaki, mimi nakusanya vikombe.

"Lile jambo lako la soko," akasema, "liliishaje?"

"Liliisha, mzee. Mama amerudisha ufunguo."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Alikuwa anauza mshare mlangoni. Ana nyonga, akapata juu."

Akaweka kijiko chini. "Yule mama wa mlangoni? Wa maswali?"

"Ndiyo."

"Mtoto wetu wa mwisho alipozaliwa, yule ndiye aliyenifundisha kumenya ndizi. Aliniuliza mpaka jina la mkunga." Alitaka kutabasamu, haikuwezekana. "Kumbe ni mama yako."

"Ndiyo, mzee."

"Nisingeweza kujua."

"Nilikuja kukwambia."

Alisimama akitazama vikombe mpaka maji yangu ya kuoshea yakapoa. Mwisho akauliza, "Kizimba kimeshapewa mtu?"

"Siku ileile."

"Basi siwezi kumnyang'anya."

"Hapana, mzee. Huwezi."

Aliniaga kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka. Sijui kama tangu siku ile anauliza watu. Nasikia ameanza kuwaacha wamalize sentensi zao. Kwetu haikuongeza wala kupunguza kitu.

Mama sasa yuko nyumbani na ng'ombe na migomba. Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya, maana mjane alianza kuuza mshare pamoja na karoti zake, na kila akipata kijana ambaye mkewe amejifungua alimpigia mama simu.

"Mama, ninaye hapa, mkewe ana siku mbili. Nimpe zipi?"

"Mpe simu huyo kijana!"

Halafu mama anapiga kelele katikati ya migomba, hongera, wa kike au wa kiume, maziwa yameshuka, na ng'ombe wanaacha kula wanamtazama. Jioni tulisikia habari tena. Nilianza kufikiri labda mambo yamejirekebisha yenyewe, mimi ni mtu wa kufikiri hivyo.

Lakini mjane ni mwanamke mwenye akili. Simu zikawa fupi. Ikawa hampi tena kijana simu, anauliza yeye mwenyewe, swali moja. Ikawa anapiga kwa mzazi mwenye tatizo tu. Halafu ikawa Jumapili, kusalimia, mama hujambo, nyonga inaendeleaje.

"Amejua sasa," mama alisema. "Ni vizuri. Angebaki hajui mpaka lini?"

Juma lililopita nilikuwa nyumbani, nimekaa kizingitini nasugua viatu vyangu vya mjini. Mama alikuwa anakata majani, simu ameiweka juu ya jiwe, akikata kidogo anaitazama. Mwishoni akanisogelea nayo.

"Hebu nipigie," akasema. "Naona kama hii simu imeharibika."

Nikampigia. Ikaita mkononi mwake, kwa sauti kubwa kabisa, ikawa inaita na sisi tunaitazama.

"Kumbe nzima," akasema.

Akaifunga kwenye ncha ya kanga, akarudi kukata majani.